Swali la Dhahabu: Daudi Ocheng na Mawaziri wa Uganda, 1965–1971

Utangulizi

Tarehe 4 Februari 1966 Bunge la Uganda lilipitisha hoja iliyoitaka serikali imsimamishe kazi Kanali Idi Amin, naibu kamanda wa jeshi, mpaka polisi wamalize kuchunguza fedha zilizoonekana katika akaunti yake ya benki. Hoja hiyo ilitaka pia matokeo ya uchunguzi yapelekwe kwa mamlaka inayohusika, na uamuzi wa mwisho utangazwe hadharani. Aliyeitoa ni Daudi Ocheng, mbunge wa Mityana kwa tiketi ya chama cha Kabaka Yekka. Kati ya wabunge waliokuwamo ukumbini, mmoja tu alipinga, naye ni John Kakonge.

Matokeo yaliyodaiwa na hoja hiyo yalichapishwa mwaka 1971. Wakati huo Ocheng alikuwa marehemu. Milton Obote, aliyekuwa Waziri Mkuu hoja ilipotolewa, alikuwa uhamishoni. Idi Amin, ambaye Bunge lilitaka asimamishwe kazi, alikuwa Rais wa Uganda, na serikali yake ndiyo iliyoichapisha ripoti.

Insha hii inachunguza jinsi swali la mbunge mmoja, lililoungwa mkono na karibu Bunge zima, lilivyokosa jibu kwa muda wote ambao jibu hilo lingeweza kuwa na faida. Waandishi wengi wanalieleza tukio hili kama hatua ya kwanza ya Amin kuelekea Ikulu, au kama sehemu ya ugomvi wa Obote na Kabaka. Maelezo hayo yana ukweli, lakini yanaliacha Bunge lenyewe pembeni. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba Bunge lile lilikuwa na kura za kutosha na mbunge mwenye ujasiri, ila halikuwa na chombo chake lenyewe cha kulifuatilia jibu. Liliuliza vizuri, kisha likawaachia wale wale waliotuhumiwa kazi ya kujichunguza.

Bunge la Uganda baada ya uhuru

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Katika uchaguzi wa Aprili mwaka huo chama cha UPC kilipata viti 37, DP viti 24 na Kabaka Yekka viti 21. Viti vya Kabaka Yekka vilikuwa vya Buganda, na wabunge wake walichaguliwa na Lukiiko, yaani baraza la ufalme huo, badala ya kupigiwa kura moja kwa moja na wananchi. UPC na Kabaka Yekka viliungana kuunda serikali, Obote akawa Waziri Mkuu, na mwaka 1963 Kabaka Mutesa II akawa Rais asiye na mamlaka ya utendaji.

Ndoa hiyo haikudumu. Mwaka 1964 muungano ulivunjika, na Novemba mwaka huo huo wananchi wa kaunti za Buyaga na Bugangaizi walipiga kura ya kurudi Bunyoro. Kwa Buganda, kupoteza kaunti hizo kulikuwa jeraha kubwa. Mwishoni mwa mwaka, Basil Bataringaya, kiongozi wa upinzani kutoka DP, alihamia UPC pamoja na wabunge kadhaa. Ukihesabu viti, upinzani ulikuwa ukiyeyuka. Hata hivyo UPC iliyonenepa kwa wahamiaji ilizaa makundi ndani yake, na kundi lenye nguvu zaidi dhidi ya Obote liliongozwa na waziri wake mwenyewe, Grace Ibingira, ambaye mwaka 1964 alikuwa amemng'oa Kakonge katika nafasi ya Katibu Mkuu wa chama.

Katika mazingira hayo Ocheng alikuwa mtu wa pekee. Alikuwa Mwacholi kutoka kaskazini ndani ya chama cha Waganda. Alikuwa rafiki wa Mutesa tangu ujana wao, na kitaaluma alisomea kilimo. Wapinzani wake walishindwa kumweka katika fungu la ukabila, kwa sababu alikuwa akiwahoji watu wa kaskazini naye ni wa kaskazini. Hilo halimaanishi kwamba hakuwa na upande. Alikuwa mwanasiasa wa Kabaka Yekka, na chama chake kilikuwa kimepoteza nafasi serikalini na kaunti mbili. Msomaji anayemchunguza Ocheng ashike mambo haya mawili kwa pamoja: swali lake lilikuwa la haki, na yeye mwenyewe alikuwa mshindani.

Sera ya Kongo iliyofichwa

Swali la dhahabu halieleweki bila Kongo. Mwaka 1964 waasi waliojiita Simba, jina walilolichukua katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, waliteka eneo kubwa la nchi hiyo, na mwezi Agosti wakautwaa mji wa Stanleyville, ambao leo ni Kisangani. Waziri Mkuu wa Kongo wakati huo alikuwa Moise Tshombe. Katika Afrika Mashariki Tshombe alichukiwa kwa sababu ya kujitenga kwa Katanga na kuuawa kwa Patrice Lumumba. Tarehe 24 Novemba 1964 askari wa miavuli wa Ubelgiji waliobebwa na ndege za Marekani walishuka Stanleyville, na waasi wakaanza kurudi nyuma kuelekea mipaka ya Sudan na Uganda.

Viongozi wa Afrika Mashariki hawakuwa watazamaji tu. Jomo Kenyatta aliongoza kamati ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuhusu mgogoro wa Kongo. Januari 1965 yeye, Julius Nyerere na Obote walikutana Mbale, mashariki mwa Uganda, na kiongozi wa waasi Christophe Gbenye. Kwa hiyo kuwasaidia waasi kulikuwa na sababu za kisiasa ambazo Waafrika wengi wa wakati ule wangeziunga mkono.

Tatizo lilikuwa namna sera hiyo ilivyoendeshwa. Obote aliiongoza kupitia watu wachache: Felix Onama, aliyeshughulikia ulinzi, Adoko Nekyon, waziri na ndugu yake, na Amin, aliyekuwa mpakani pamoja na wanajeshi. Bunge halikuulizwa, na mawaziri wengi hawakujua undani wa mambo. Gharama, hata hivyo, zililipwa na wananchi. Februari 1965 ndege za upande wa Kongo zilishambulia vijiji vya Paidha na Goli, West Nile. Mwezi Mei mwaka huo serikali ya Kenya ilikamata msafara wa malori yaliyobeba silaha za Kichina, yakitoka Tanzania kwenda Uganda kupitia ardhi ya Kenya bila kibali, na Obote akalazimika kwenda Nairobi kuyamaliza. Mwananchi wa Uganda alikuwa na kila sababu ya kuuliza: nchi yetu inafanya nini Kongo, kwa fedha za nani, na kwa amri ya nani?

Swali na majibu yake

Ocheng alilianza swali hilo mwaka 1965 kwa njia nyembamba. Badala ya kuhoji sera nzima ya Kongo, jambo ambalo waziri angelijibu kwa hotuba kuhusu umoja wa Afrika, alishika karatasi moja. Ilikuwa nakala ya taarifa ya akaunti ya Amin katika benki ya Ottoman, Kampala. Ilionyesha kwamba mapema mwaka huo, katika muda usiozidi mwezi mmoja, ziliingizwa shilingi 340,000, sawa na pauni 17,000 za wakati ule. Hizo zilikuwa fedha ambazo mshahara wa ofisa wa jeshi usingeweza kuzieleza. Wakati huo huo yalivuma maneno kwamba dhahabu na pembe za ndovu za waasi zilikuwa zikivuka mpaka na kuuzwa Uganda.

Uzuri wa swali hili ni kwamba lilihitaji jibu la ukweli wa mambo, wala halikutaka msimamo. Ama fedha zilikuwamo au hazikuwamo. Kama zilikuwamo, zilitoka mahali fulani. Serikali ilijibu kwamba jambo hilo linachunguzwa. Baadaye upande wa Amin ulieleza kwamba fedha zile zilikuwa za Wakongo, zilizokabidhiwa kwake ili awanunulie mahitaji. Inawezekana maelezo hayo yalikuwa ya kweli. Lakini kuyatoa bungeni mwaka 1965 kungekuwa kukiri kwamba Uganda ilikuwa vitani Kongo bila Bunge kujua. Mawaziri walikwama hapo: jibu ambalo lingemsafisha Amin kuhusu wizi lingewatia wao hatiani kuhusu siri. Wakachagua kukaa kimya na kungoja jambo lipoe. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio kilikuja mwezi Februari.

Hoja ya tarehe 4 Februari 1966

Ocheng alipoirudisha hoja mwanzoni mwa 1966, wabunge wa UPC walikutana kwanza na kukubaliana waipinge. Obote akaondoka Kampala kwenda ziarani kaskazini akiamini jambo limekwisha. Siku ya mjadala, baraza la mawaziri lilikutana bila yeye na kuugeuza uamuzi ule. Ocheng alipoinuka bungeni alikwenda mbali kuliko akaunti ya Amin. Aliwataja Obote, Onama na Nekyon kuwa walinufaika na fedha za Kongo, na akadai kwamba kulikuwa na mpango wa kuipindua katiba. Onama alikana. Kisha kura ikapigwa, na mawaziri wakaiunga mkono hoja iliyowatuhumu wenzao na mkuu wao.

Je, kura ile ilikuwa ushindi wa Bunge? Tukitazama hesabu, ndiyo. Tukitazama nia za waliopiga kura, jibu linakuwa gumu. Wabunge wa Kabaka Yekka na DP walitaka serikali iwajibike, na pia walitaka ianguke. Kundi la Ibingira liliona nafasi ya kumdhoofisha Obote akiwa safarini. Wengine walifuata upepo. Kakonge, aliyepinga peke yake, naye alikuwa na kisa chake na Ibingira. Kwa hiyo hoja iliyoandikwa kama ombi la uchunguzi ilipita kwa nguvu ya ugomvi wa madaraka. Hilo lilimpa Obote silaha kubwa. Hakulazimika tena kulijibu swali. Ilimtosha kusema kwamba waliouliza walikuwa wakipanga mapinduzi.

Mambo yaliyofuata yalikwenda mbio. Tarehe 22 Februari mawaziri watano, Ibingira, Balaki Kirya, Emmanuel Lumu, George Magezi na Mathias Ngobi, walikamatwa wakiwa katika kikao cha baraza la mawaziri. Siku mbili baadaye katiba ilisimamishwa. Kabla mwezi haujaisha Amin alikuwa amepewa wadhifa mkubwa zaidi jeshini. Tarehe 15 Aprili wabunge walipewa katiba mpya iliyomfanya Obote kuwa Rais, wakaipitisha siku hiyo hiyo bila kupata nafasi ya kuisoma, askari wakiwa wamelizunguka jengo. Nakala zao, waliambiwa, wangezikuta katika visanduku vyao vya barua. Tarehe 24 Mei jeshi lilishambulia jumba la Kabaka huko Mengo, na Mutesa akatoroka kupitia Burundi hadi Uingereza. Ocheng mwenyewe alifariki mwaka huo huo kwa maradhi.

Inafaa kuilinganisha miezi miwili hiyo. Mwezi Februari Bunge liliuliza kuhusu akaunti ya ofisa mmoja kwa saa kadhaa. Mwezi Aprili Bunge lile lile halikuuliza chochote kuhusu katiba ya nchi nzima. Wabunge walikuwa karibu wale wale. Kilichobadilika ni kwamba sasa walijua swali linaweza kumfikisha mtu wapi.

Kuna jambo jingine linalotugusa sisi wanafunzi wa Kiswahili. Bunge la Uganda lilijadiliana kwa Kiingereza, ilhali jeshi, tangu enzi za King's African Rifles, liliamrishwa kwa Kiswahili. Bunge lilikuwa likihoji taasisi ambayo hata lugha yake ya kazi haikuwa ya ukumbini. Waganda wengi walikuja kukikumbuka Kiswahili kama sauti ya askari mlangoni. Sehemu ya kumbukumbu hiyo ilianza mwaka 1966, jeshi lilipopewa kazi ya kumaliza mabishano yaliyoanza kama swali.

Tume ya uchunguzi

Serikali iliunda tume ya majaji watatu wasio Waganda. Mwenyekiti alikuwa Sir Clement de Lestang wa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, akiwa na Jaji Miller kutoka Kenya na Jaji Augustine Saidi kutoka Tanzania. Muundo huo ulikuwa wa busara. Jambo lililovuka mipaka lilipewa majaji wa kutoka nje ya mipaka, na ushirikiano wa mahakama katika Afrika Mashariki ulionyesha faida yake. Tume ilisikiliza ushahidi na kuona kwamba tuhuma za Ocheng dhidi ya Obote na mawaziri wake hazikuthibitishwa.

Hapa pana swali ambalo mwanafunzi wa historia hawezi kulikwepa. Ikiwa ripoti iliwasafisha, kwa nini serikali ya Obote haikuichapisha? Jibu linalowezekana ni lile lililojitokeza mwaka 1965. Ushahidi uliowasafisha watu kuhusu dhahabu ulieleza pia jinsi vita vya Kongo vilivyoendeshwa. Ripoti ikabaki kabatini hadi Amin alipotwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971 na kuitoa mwaka huo, wakati ambapo kusafishwa kwake hakukuwa na wa kukubishia. Mwaka huo huo Jaji Saidi akawa Jaji Mkuu wa Tanzania, nchi ambayo ilimpa Obote hifadhi.

Kwa hiyo je, Ocheng alikosea? Katika tuhuma zake kubwa, kwamba mawaziri walijitajirisha, alishindwa kuthibitisha. Katika swali lake la msingi, kwamba kulikuwa na fedha nyingi mikononi mwa ofisa wa jeshi nje ya hesabu za serikali, alikuwa sahihi. Laiti angebaki kwenye karatasi yake ya benki, ingekuwa vigumu zaidi kumwita mpanga njama. Mbunge anayehoji huimarishwa na jambo dogo analoweza kulithibitisha, na hudhoofishwa na jambo kubwa analolishuku tu.

Ulinganisho na Kenya, 1975

Ili tuone kilichokosekana Kampala, tutazame Nairobi miaka tisa baadaye. Machi 1975 mbunge J. M. Kariuki aliuawa. Bunge la Kenya halikuiachia serikali peke yake kazi ya kuchunguza. Liliunda kamati yake teule chini ya mwenyekiti Elijah Mwangale, ikawahoji maofisa, na mwezi Juni ripoti ikawekwa mezani na kupitishwa kwa kura, ingawa tofauti ya kura ilikuwa ndogo. Serikali ililipiza kisasi. Waziri Masinde Muliro alifukuzwa kazi kwa kupiga kura upande wa ripoti, na mwezi Oktoba wabunge Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney walikamatwa ndani ya eneo la Bunge.

Hatuwezi kusema basi kwamba Bunge la Kenya lilishinda. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji yale. Lakini wananchi wa Kenya waliijua ripoti miezi mitatu baada ya tukio, kwa sababu Bunge lililouliza ndilo lililochunguza na ndilo lililotangaza. Hoja ya Ocheng iliiomba serikali isimamishe, polisi wachunguze, mamlaka iamue, kisha itangaze. Kila kitendo katika hoja hiyo kilikuwa mikononi mwa serikali. Sehemu ya Bunge ilikuwa kungoja.

Hitimisho

Insha hii imeeleza kwamba swali la Daudi Ocheng kwa mawaziri wa Uganda lilikuwa swali la sera ya taifa na ya kanda kwa wakati mmoja: nani anaamuru jeshi, na nani alijulishwa kuhusu vita vya nchi jirani. Lilikosa jibu kwa sababu tatu. Kwanza, jibu lenyewe lingefichua sera iliyoendeshwa kwa siri. Pili, wengi wa waliolipigia kura walitafuta madaraka kuliko jibu, na hivyo wakaipa serikali kisingizio. Tatu, Bunge halikujiwekea kamati ya kuchunguza wala tarehe ya kupokea majibu.

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki kipindi cha maswali bado kipo, na mawaziri wangali wanajibu kwamba jambo linafanyiwa kazi. Tunapoisoma historia ya mabunge yetu, tusiishie kuhesabu nani aliuliza swali kali. Tutazame lilijibiwa lini, na nani, na wakati huo aliyeuliza alikuwa wapi. Katika kisa hiki jibu lilichukua miaka mitano, likatolewa na serikali ya mtuhumiwa mwenyewe, na aliyeuliza alikuwa kaburini.